Nyimbo za Tabora Ziandikwe

Goweko, Uyui

Mwanangu,

Baba yako yuko porini kwenye mizinga, na bibi yako kila siku anauliza utakuja lini. Nimeshika kalamu kwa sababu ninayotaka kukuambia ni marefu, na simu ya Goweko unaijua ilivyo.

Zile kurasa za nyimbo za Antônio Carlos Jobim, mtunzi wa Brazili, ulizonipigia picha nimezisoma zote. Tangu nilipokuwa nafundisha na kuongoza kwaya nimeona nota za kila namna, nyingi zimeandikwa haraka haraka, sauti ya nne imesahaulika, kituo hakijulikani kiko wapi. Hizi ni kazi ya watu waliotulia. Umeniuliza kwa nini karatasi ya ule wimbo wa msichana wa Ipanema iko kwenye F, na mwimbaji na mpiga gitaa João Gilberto kwenye rekodi ya New York ya Machi 1963 anauimba kwenye D flati. Aliimba pale sauti yake ilipokaa vizuri, basi. Hakuna aliyekosea. Halafu utazame na jambo jingine: mkono wa kulia wa João, kidole gumba kikishika besi kwa utulivu na vidole vingine vikichomoza kabla au baada ya pigo, haumo kwenye karatasi yako. Uko kwenye santuri peke yake. Na zile kodi za gitaa zinazogeuka ndani ya wimbo, kwenye santuri unaweza kuzisikiliza mwaka mzima usizijue. Hizo ziko kwenye karatasi. Ndiyo maana wenzetu wa Brazili hawakuchagua kimoja. Jobim alifariki 1994, na watu wake, mwanawe Paulo akiwemo, wakazitoa nyimbo zake kwenye vitabu vya *Cancioneiro Jobim* zikiwa na nota zilizosahihishwa, maana huko nje zilikuwa zimeshachapwa kwa kodi zilizokosewa. Karatasi zake zinatunzwa na taasisi yenye jina lake pale kwenye bustani ya mimea ya Rio.

Sasa nikuulize wewe. Za Shem Karenga ziko wapi?

Shem Karenga alitoka Kigoma, akaja Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kujiunga na Tabora Jazz, bendi ya mtindo wa Segere Matata. Humo ndimo ulimotoka "Dada Asha". Hakuna harusi ya umri wangu katika mkoa huu iliyokwisha bila wimbo huo, na hata leo ukipigwa redioni utaona watu wazima wanaacha walichokuwa wakifanya. Baadaye alihamia Dar es Salaam akawa na MK Beats, na 2014 akafariki. Nimewauliza walimu wa muziki na watu wa kwaya ninaowafahamu kama kuna aliyewahi kuiona "Dada Asha" kwenye nota, gitaa kwa gitaa. Hakuna.

Na Tabora haikuwa na bendi moja. Kabla yao kulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, ambaye uzeeni alirudi jukwaani na Shikamoo Jazz, bendi iliyoundwa 1993 kwa kuwakusanya wanamuziki wazee. Kulikuwa na Nyanyembe Jazz. Mji mmoja wa bara, uliokuwa na reli na miembe, ulilisha nchi nzima nyimbo. Kazi zao zilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam kwenye kanda kubwa za studio, na kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri, zilizotoka kwenye santuri zilipitia Nairobi. Sisi wa huku tulizipata kwa kurekodi kutoka redioni: redio kaseti inawekwa juu ya meza, watoto wanaambiwa wanyamaze, mtu anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja mtangazaji anapomaliza kusema. Kaseti nilizonazo ndivyo zilivyopatikana. Mbili zimeliwa na redio, nikazikunjua na kuzirudisha kwa kalamu ya risasi, na pale zilipojikunja sauti inayumba mpaka leo.

Lakini usidhani kwamba nyimbo za kwetu hazijawahi kuandikwa. Zimeandikwa, na mapema kuliko za Jobim. Mwaka 1909, Erich von Hornbostel, aliyekuwa akiongoza hifadhi ya sauti ya Berlin, alichapa katika jarida la *Anthropos* makala yenye nyimbo za Wanyamwezi kwa nota. Nyimbo zilirekodiwa kwenye mitungi ya nta, kila mmoja wa dakika chache tu. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Unyamwezi. Alikaa Berlin, akausikiliza mtungi tena na tena, akaandika alichosikia. Nikifikiria wale wapagazi waliokuwa wakipita huku na mizigo kuelekea huko uliko wewe, Bagamoyo, wakiimba njia nzima, naona fahari kwamba sauti za watu wao zilifika kwenye karatasi. Naona pia kilichokosekana. Aliandika sauti, miguu iliyokuwa ikikanyaga chini ya sauti ile hakuiona, na wimbo wa Mnyamwezi bila miguu ni nusu ya wimbo.

Kuna jambo moja la watu wale wa Berlin ninalotaka ulishike sana. Mtungi wa nta ukizungushwa kasi kuliko uliporekodiwa, wimbo unapanda. Ukizungushwa polepole, unashuka. Kwa hiyo waliokwenda kurekodi waliagizwa wapulize kwanza filimbi ndogo yenye sauti moja inayojulikana, ndipo mwimbaji aanze. Anayesikiliza anaurekebisha mtungi mpaka filimbi ilie sawasawa, ndipo anaanza kuandika.

Kaseti zetu hazina filimbi. Umeniandikia kwamba "Dada Asha" uliyoipata iko katikati ya sauti mbili, si huku wala kule, na kwamba unataka kuiandika kwenye ile ya juu yenye alama nyingi. Usiandike bado. Mota ya redio ikichakaa, au ile iliyorekodi ikiwa na kasi yake na inayopiga na kasi yake, wimbo wote unahama. Chukua gitaa lenyewe likuamulie. Weka masikio kwenye gitaa la rithim, tafuta nyuzi zinazolia wazi bila kubanwa, zina mlio mrefu unaong'ara kuliko ule wa uzi uliobanwa. Ukizipata, tafuta ni ufunguo gani unaoruhusu nyuzi hizo zilie wazi pale zinapolia. Kama nota zako zinamtaka mpigaji anyooshe vidole mahali ambapo hakuna mkono wa binadamu unaofika kwa kasi ile, jua kanda inakudanganya. Kisha tafuta nakala nyingine ya santuri ulinganishe.

Ukishapata ufunguo, anza na besi. Najua unatamani solo, kila kijana anatamani solo. Lakini besi na tumba ndizo zinazokuambia pigo la kwanza liko wapi, na wengi wanaoandika muziki wa dansi hukosea hapohapo, wakaliweka pigo pale sauti inapoingia. Baada ya besi, rithim, halafu solo, sauti za waimbaji mwisho. Waimbaji uwaandike wote, usichukue ya juu peke yake kwa sababu ndiyo inayosikika. Za chini ndizo zilizofanya watu walie.

Pigo lenyewe la Segere Matata sidhani kama litaingia lote kwenye mistari mitano. Pale utakaposhindwa, andika kwa maneno pembeni mwa ukurasa: hapa rithim anachelewa kidogo, hapa tumba anajibu. Frank Gunderson, katika kitabu chake cha 2010 cha nyimbo za kazi za Wasukuma, ana nyimbo zaidi ya 300, na kinachonifanya nikipende ni kwamba wimbo hauachwi peke yake: unaambiwa ni wa wakulima, wawindaji au wapagazi, na maneno yake yana maana gani. Fanya hivyo na wewe. Msomaji wa mwaka 2080 hatakuwa na mtu wa kumuuliza.

Juu ya kila ukurasa jina la mtunzi litangulie, halafu bendi, halafu rekodi uliyoitumia na namna ulivyoipata. Kabla hujachapa wala kuuza hata nakala moja, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaulize haki ziko kwa nani, na familia ya marehemu itafutwe kwa heshima. Kuandika kwa kujifunza ni jambo moja, kuchuma kwa jasho la mtu aliyelala kaburini ni jingine, na jina la ukoo wetu lisitajwe kwenye hilo.

Kaseti sitazipa mtu wa basi. Baba yako atazileta mwenyewe akija na treni, amezifunga kwenye kitenge changu ndani ya bati. Usizipige kwenye redio yoyote mpaka fundi ameisafisha hedi kwa spiriti, na ukizipiga mara ya kwanza ziwe zinaingia kwenye kompyuta hapohapo, maana huenda zisivumilie mara ya pili.

Kuna mzee Tabora aliyepiga rithim kwenye bendi za mji ule siku hizo. Macho yamefifia ila vidole bado vinakumbuka, na amekubali tukae naye na gitaa. Nitakwenda kabla ya mvua kuanza. Niandikie maswali yako yote ya rithim, kipande kwa kipande, unitajie na dakika kwenye kanda, ili nimpigie mahali penyewe na kurekodi anavyojibu kwa mkono wake. Nitamwambia aanze kwa kupiga uzi wa A peke yake.

Ni mimi shangazi yako.