Picha na Makao Yake

Picha haiji ulimwenguni peke yake. Aliyeipiga huichagua katika nyingi, huipa kipimo chake, huiweka baada ya hii na kabla ya ile, huiandikia maneno machache, kisha huitundika mahali alipopatayarisha. Mahali hapo, pawe ukuta wa studio, chumba cha makumbusho au ukurasa wake mwenyewe katika intaneti, ndipo makao ya picha. Anayetaka kuitazama ana njia mbili: kuiendea ilipo, au kukaa kwake akaletewa. Njia hizi aghalabu hudhaniwa kuwa moja, kwa kuwa picha inayoonekana ni ile ile. Lakini hazifanani, na tofauti yake yastahili kupimwa.

Njia ya kuletewa ina historia fupi. Mwaka 1999 ulibuniwa mtindo uitwao RSS, uliowezesha kurasa za intaneti kutangaza kila kilicho kipya kwa programu za kukusanyia. Mtu aliyependa kazi za wapiga picha hamsini hakuwa na haja tena ya kubisha hodi hamsini. Programu ilimzungukia kote, ikamwekea yote katika orodha moja. Google Reader, mojawapo ya zilizojulikana sana, ilianza mwaka 2005 ikafungwa mwaka 2013. Programu za namna hiyo zingalipo, lakini watu wengi siku hizi huletewa picha na mitandao ya simu, kama vile Instagram iliyoanza mwaka 2010. Hapo pametokea badiliko kubwa. Zamani mtazamaji mwenyewe aliwataja aliotaka kazi zao ziletwe. Sasa mtandao humchagulia sehemu kubwa ya anachokiona.

Si haki kuilaumu njia hii bila kutaja wema wake. Mkazi wa Sakina au Njiro anayenunua bando dogo la siku hupima kila picha kwa fedha. Ukurasa wenye mapambo mengi huweza kumlia bando lake kabla picha ya kwanza haijafunguka, hali picha iliyovuliwa mapambo hufika upesi na kwa gharama ndogo. Tena, mpiga picha atoaye kazi mara moja katika miezi mitatu angesahauliwa lau asingekuwapo wa kumtangaza. Mbiu ni kitu chema, na asiye na mbiu hukosa mengi.

Hasara yake, hata hivyo, huonekana wazi mtu akiufikiri Mlima Meru. Kutoka mjini Arusha, karibu na Mnara wa Saa, mlima huonekana mzima, umechongoka juu na kutanuka chini kwa utulivu. Kutoka Momella, upande wa mashariki, mlima ule ule huonekana umebomoka. Ubavu wake wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukaacha kuta zilizojipinda kama mwezi mwandamo, na ndani yake kikasimama kilima cha majivu. Kifusi kilitandaa mbali bondeni, na maziwa ya Momella yamelala juu yake. Moto wa mlima huo ulionekana mara ya mwisho mwaka 1910.

Basi na achukuliwe mpiga picha aliyeziweka pamoja picha tatu: mlima kutoka mjini, mlima kutoka Momella, na ziwa lililo chini yake. Anayezitembelea mahali pake hupata hoja nzima, kwamba mlima unaoonekana kamili machoni pa watu wa mjini umevunjika kwa nyuma, na kuvunjika huko ndiko kulikozaa maziwa. Kila picha ni shahidi wa mwenzake. Zikiletwa kwa vipande, ya kwanza hufika leo baada ya picha ya arusi, ya pili hufika kesho kabla ya tangazo la viatu, na ya tatu yamkini haifiki kabisa. Mtazamaji hudhani ameona milima miwili. Hakuna picha iliyosema uongo, lakini ushahidi umetawanywa, na ushahidi uliotawanywa hauamui kesi.

Jambo hili si la milima tu. Huko Kaloleni, mjini Arusha, iko nyumba ambamo viongozi wa TANU walikutana mwezi Januari 1967 na kuliafiki Azimio la Arusha. Tangu mwaka 1977 nyumba hiyo imekuwa makumbusho ya Azimio, na picha za historia ya nchi zimetundikwa humo. Picha ya Mwalimu Nyerere ikiletwa simuni peke yake ni picha ya mtu. Ikitazamwa ndani ya nyumba ile, kati ya picha zilizoitangulia na zilizoifuata, ni picha ya uamuzi uliogusa shamba, benki na kiwanda. Mgeni wa Kaloleni hana budi kutembea, kusimama, na pengine kurudi hatua mbili nyuma. Miguu humfundisha jicho subira. Kidole juu ya kioo cha simu hakina mwalimu huyo.

Iko pia haki ya mwenye kazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humpa mtunzi, na mpiga picha ni mmoja wao, haki ya kutajwa kuwa kazi ni yake. Lakini picha inayopita mkono kwa mkono huvuliwa jina kwanza, kisha mahali, kisha tarehe, hata mlima wa Meru ukaitwa Kilimanjaro na asiwepo wa kusahihisha. Aliyedamka alfajiri akaingojea nuru ya Momella huishi kwa kuajiriwa na kwa kuuza kazi zake. Anayekwenda kwake huliona jina lake, huziona kazi nyingine, na hujua pa kumpata. Anayeletewa huishukuru simu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji hupona kwa kutajwa njiani na watu wasiomjua.

Kwa hiyo si lazima kuchagua njia moja na kuitupa nyingine. Kuletewa na kuwe tarishi: tarishi hubisha hodi, hutoa habari, kisha huondoka. Kosa ni kumkalisha tarishi katika kiti cha mwenye habari. Katika picha hamsini zinazoletwa kwa juma, mtazamaji aweza kuchagua moja iliyomgusa, akaifuata mpaka makao yake, akasoma maneno yaliyo chini yake, akatazama kilichoitangulia na kilichoifuata. Mwenye bando dogo anaweza kulitengea jambo hilo siku moja tu. Picha chache alizozitembelea atajua zimepigwa wapi, na nani, na kwa nini. Na siku atakaposimama Momella ataujua mlima ulio mbele yake.