Mjini Panaanzia Wapi?

Mwulize mtu wa Malava mji wa Kakamega unaanzia wapi. Atakwambia Lurambi, pale njia ya Mumias inapochepuka kutoka barabara ya Webuye. Mwulize anayetoka Khayega, upande wa Kisumu, naye atashangaa: Lurambi kwake ni kule mwisho, mji ukishakwisha. Halafu msikilize mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro akisimamisha bodaboda papo hapo Lurambi: anasema anakwenda mjini, yaani sokoni, benki, steji. Wote watatu wako sahihi.

Tangu nistaafu nikarudi nyumbani, nimekuwa na nafasi ya kuwaza mambo kama haya. Serikali ina jibu lake, bila shaka. Kuna wadi, kuna manispaa, kuna ramani. Lakini sijamsikia abiria akimwomba makanga amshushe kwenye mpaka wa wadi. Anataja Muliro Gardens, bustani iliyowahi kuvuma mitandaoni kwa sababu nisizoweza kuziandika hapa kwa heshima ya wakwe zangu. Au anataja Kefinco, mtaa uliobaki na jina la mradi wa maji wa Kenya na Finland. Au Rosterman, jina la mgodi wa dhahabu. Dhahabu ya Kakamega iligunduliwa 1931, na mwaka uliofuata serikali ya mkoloni ikairekebisha sheria ya 1930 iliyokuwa imewaahidi wenyeji kwamba ardhi yao haitaguswa milele. Milele hiyo ilidumu miaka miwili. Anayeshukia Rosterman leo hana habari hiyo kichwani; ana kilo mbili za sukari na haraka ya kufika.

Miji mingine nayo ina yake. London ina City, eneo la takriban maili moja ya mraba lenye meya wake, tofauti na meya wa London nzima. Nairobi tunaambiwa kitovu ni kati ya Uhuru Highway na Moi Avenue, ingawa ofisi nyingi kubwa zilishahamia Upper Hill na Westlands. Zanzibar, waliokaa kwenye nyumba za mawe waliwaita wenzao wa upande wa pili wa hori watu wa Ng'ambo. Hori lilifukiwa zamani, unavuka kwa miguu mikavu, na Ng'ambo bado ni Ng'ambo. Mimi nawapenda zaidi watu wa Dar es Salaam. Daladala inakwenda Posta, hata kama ndani yake hakuna aliyebeba barua, au inakwenda Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Huko ukitaja kituo umeshataja mji.

Lakini kisa kinachonigusa ni cha hapa kwetu. Zamani, mtu wa magharibi hii akisema anakwenda makao makuu, hakuwa na maana ya Kakamega. Alikuwa anakwenda Mumias, kwa Nabongo Mumia. Misafara ya biashara kutoka pwani ilipiga kambi hapo. Waingereza walipofika mwishoni mwa karne ya 19 nao wakatua hapo hapo, wakaitawala nchi wakiwa wamekaa mlangoni pa mfalme wa Wanga. Kisha, 1920, wakahamisha makao yao kuja Kakamega. Nabongo hakufa mpaka 1949. Nimejaribu kuiwazia miaka hiyo karibu thelathini. Boma ni lile lile, heshima ya watu wake bado ipo, ila mwenye kesi, mwenye kodi na mwenye barua ya serikali wanapita njia nyingine.

Kakamega nayo ilionja kidogo. Ilikuwa makao ya Mkoa wa Magharibi hadi serikali za kaunti zilipoanza 2013, na siku hizi mtu wa Busia au Vihiga halazimiki tena kuja huku kutafuta sahihi ya mkubwa. Mkoa ulikwisha, lakini wazee wenzangu wakiugua bado wanataka kupelekwa Provincial, jina la zamani la hospitali yetu kuu, na kila mwendesha bodaboda anajua ni wapi.

Nilifundisha, kisha nikakaa ofisini Nairobi miaka mingi, kwenye meza ambayo faili hazikupita bila sahihi yangu. Simu ilikuwa hailali. Nilipostaafu ilinyamaza kabla ya mwezi kwisha, na nakiri iliniuma. Siku hizo nilimfikiria sana Nabongo. Nadhani alielewa jambo ambalo mimi nimelielewa polepole: wale wageni walikuwa wakifuata shughuli zao, na shughuli ilipohama wakahama nayo bila ubaya wowote. Aliyebaki kumtembelea baada ya 1920 alikuja kwa sababu ya Mumia mwenyewe. Sijui kama hesabu hiyo ilimfariji. Mimi imenisaidia kulala.

Mbele ya lango langu kuna mti wenye kivuli kipana. Vijana wa bodaboda walianza kuegesha hapo bila kuniomba, nami sikuwafukuza. Baadaye akaja mama wa mahindi ya kuchoma, kisha kibanda cha M-Pesa. Sasa abiria wakipanda mjini wanasema, "Nipeleke kwa Mwalimu," na wengi wao hatujawahi hata kusalimiana. Kwa kuwa mahali pamepata jina, vijana wamepapangia nauli maalumu, juu kidogo ya ile ya zamani. Nililalamika. "Mwalimu," mmoja akanijibu kwa adabu zote, "hiyo ndiyo bei ya kwa Mwalimu." Nikalipa.