Chombo Hakiendi ila kwa Nyenzo

Wahenga wa pwani walisema kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Methali hii imezoeleka midomoni hata ikakaribia kusahaulika kwamba asili yake ni majini: nahodha awe hodari namna gani, akikosa tanga, kasia na upondo atabaki pale pale, akiyatazama maji yakijaa na kupwa. Mbali kabisa na pwani ya Waswahili, katika bandari ya New York nchini Marekani, iko skuli moja ya sekondari ambayo historia yake yote ni ufafanuzi wa methali hii, ingawa yumkini hakuna hata mmoja pale aliyepata kuisikia.

Skuli hiyo huitwa Urban Assembly New York Harbor School, nayo imo kisiwani. Governors Island ni kisiwa kidogo cha ekari 172, kiasi cha mita 730 kutoka ncha ya kusini ya Manhattan. Kwa muda mrefu kilikuwa ngome ya jeshi. Kuanzia mwaka 1966 kikawa cha walinzi wa pwani wa Marekani, nao wakakihama mwaka 1996. Mwaka 2003 sehemu kubwa ya kisiwa hicho iliuzwa kwa wenyeji wa New York kwa bei ya dola moja tu. Mwaka huo huo skuli nayo ilizaliwa, lakini si kisiwani. Murray Fisher, aliyekuwa na fikra ya kuwafunza vijana wa mji kwa kuwapeleka kwenye maji yanayouzunguka, alipewa vyumba ndani ya jengo la skuli kongwe huko Bushwick, mtaa wa Brooklyn usiopakana na maji.

Kwa hivyo kwa miaka saba ilikuwa skuli ya bahari isiyoiona bahari. Wanafunzi walisoma habari za mikondo na mawimbi baina ya kuta za matofali, na kila walipotaka kugusa kasia iliwabidi wapande treni. Wengi wao walikuwa watoto wa familia za kipato kidogo, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, waliozaliwa katika mji uliosimama juu ya visiwa na wasiojua kuwa wao ni watu wa visiwani. Mwaka 2010 ndipo skuli ilipohamia Governors Island, katika jengo lililokuwa la walinzi wa pwani.

Tangu hapo siku ya mwanafunzi huanzia gatini. Hutoka nyumbani mapema, akapanda treni au basi hadi ncha ya Manhattan, akangoja feri pamoja na wenziwe. Safari yenyewe ni ya dakika chache tu, lakini mtu wa kisiwani hahitaji kuelezwa kwamba urefu wa safari ya maji haupimwi kwa saa. Anayeikosa feri ameikosa skuli. Upepo wa Januari katika bandari ile hukata masikio, na siku ya ukungu vyombo hupiga honi vikijulishana vilipo. Mtoto wa miaka kumi na minne hujifunza kabla hajafungua daftari kwamba bahari haimsubiri mtu.

Masomo ya kawaida yapo, hisabati na historia na fasihi, kama katika skuli yoyote ya serikali. Lakini kila mwanafunzi huchagua pia fani ya bahari: kuendesha vyombo, kupiga mbizi kwa kazi, kufuga viumbe vya majini, kutengeneza mitambo ya meli, uhandisi wa bahari, utafiti wa viumbe, au sheria na sera za bahari. Huyu hujifunza kushika sukani na kusoma ramani ya bandari. Yule hujifunza kuchomelea chuma. Mwingine hushuka chini ya maji baridi, mtungi wa hewa mgongoni, mahali ambapo mkono wake mwenyewe hauoni vizuri.

Wapo wanaofika hawajui kuogelea. Jambo hili lina historia yake, wala si uzembe wa wazazi. Katika sehemu kubwa ya karne ya 20, fukwe na mabwawa mengi ya kuogelea ya Marekani yalifungwa kwa watu weusi, kwa sheria au kwa vitisho; na mzazi aliyenyimwa maji hana cha kumrithisha mwanawe isipokuwa hofu ya maji. Ndiyo maana siku mtoto wa namna hiyo anapoachia ukingo wa bwawa kwa mara ya kwanza, kinachovunjika ni zaidi ya woga wake mwenyewe.

Tena, babu zao hawakuwa wageni wa bandari hii. Thomas Downing, mtu mweusi huru kutoka Chincoteague, Virginia, alifungua mwaka 1825 nyumba ya kuuza chaza katika mtaa wa Broad, New York. Mezani kwake walikaa mabenki na wanasiasa wakila chaza, na chini, katika vyumba vya ghala, walifichwa watumwa waliokuwa wakikimbilia uhuru. Katika karne hiyo hiyo, wavuvi weusi wa chaza kutoka Maryland walihamia Staten Island na kujenga kijiji cha Sandy Ground. Walikuwa na ardhi yao, kanisa lao na vyombo vyao, na riziki yao ilitoka katika maji haya haya ambayo wajukuu wa zama hizi hufunzwa kuyaingia kama watu wasiopata kuyaona.

Hukadiriwa kwamba Henry Hudson alipoingia bandarini mwaka 1609, miamba ya chaza ilifunika humo ekari zipatazo 220,000. Wenyeji wa kabila la Lenape walikuwa wakila chaza hao kwa maelfu ya miaka bila ya kuwamaliza. Kilichowamaliza ni mji. Walivuliwa kupita kiasi, sakafu ya bahari ikakwanguliwa ili meli kubwa zipite, na maji machafu ya mamilioni ya watu yakamwagwa humo hadi chaza wakawa wabebaji wa maradhi. Mwaka 1927 sehemu ya mwisho ya kuvulia ilifungwa, na Sandy Ground ikapoteza riziki yake pamoja na wavuvi wengine wote. Sheria ya maji safi ya mwaka 1972 ndiyo iliyoanza kuyarudishia maji hayo uhai, lakini chaza hawakuweza kurudi wenyewe. Mtoto wa chaza huhitaji kitu kigumu cha kushika, na kitu anachokipenda kuliko vyote ni gamba la chaza mwingine. Palipokosekana wazee, wadogo hawana pa kukaa.

Hapo ndipo kazi ya wanafunzi inapoingia. Mwaka 2014 Murray Fisher na Pete Malinowski, aliyekuwa mwalimu wa ufugaji wa viumbe vya majini skulini hapo, walianzisha Billion Oyster Project, mradi wenye nia ya kurudisha chaza bilioni moja bandarini ifikapo mwaka 2035. Makombe hukusanywa kutoka mikahawa ya mji, hurundikwa kisiwani, na kuachwa juani na mvuani kwa kiasi cha mwaka mmoja hadi yatakate. Skulini, chaza wakubwa huwekwa katika maji yanayopashwa moto kidogo kidogo hadi watoe mbegu na mayai. Viluwiluwi huelea kwa wiki mbili au tatu, kisha huwekewa yale makombe ndani ya matangi, wakayashika na kuanza maisha yao ya kutohama. Wanaosomea kuchomelea hutengeneza vizimba vya chuma. Wanaosomea unahodha huvipeleka. Wapiga mbizi hushuka kuvikagua. Watafiti hupima na kuandika. Kwa namna hii zaidi ya chaza milioni 100 wamekwisha kurudishwa majini, na mmoja aliyekomaa, hali ikiwa nzuri, huweza kuchuja hadi lita 190 za maji kwa siku.

Lakini chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Serikali ya mji hulipa mishahara ya walimu, vitabu na madawati, kama ilipavyo kwingine. Bajeti ya skuli haikutungwa na mtu aliyefikiria bei ya injini ya boti, mafuta yake, bima yake, mavazi ya kuzamia katika maji ya baridi, au fundi wa kuichunguza mitungi ya hewa. Skuli ya kawaida ikikosa fedha hupunguza karatasi. Skuli ya bahari ikikosa fedha hufunga chombo gatini, na somo limekwisha. Kwa sababu hiyo ikaundwa taasisi ya hisani ya kuisaidia, New York Harbor Foundation, na kuchangisha fedha kukawa kazi ya kudumu kama kuosha sitaha.

Ubaya wa kukosa nyenzo hauwaangukii wote sawa. Sheria za Marekani humtaka anayeomba leseni ya awali kabisa ya unahodha, ile ya kuchukua abiria wasiozidi 6, aonyeshe siku 360 za kuwa chomboni, na siku ambayo hakufikisha saa 4 majini haihesabiwi. Mtoto wa mwenye yoti hujikusanyia siku hizo katika likizo za kiangazi, akicheka na binamu zake. Mtoto wa mfagiaji wa ofisi hana chombo isipokuwa cha skuli. Kila pipa la mafuta lililokosekana ni siku zake zilizopungua. Bahari haina ubaguzi, husemwa. Lakini njia ya kuifikia ina bei, na anayeilipa bei hiyo ndiye huonekana mwenye bahari.

Michango hutafutwa kwa njia nyingi, na iliyo mashuhuri zaidi ni karamu ya mwaka iitwayo Billion Oyster Party. Wafugaji wa chaza huja na mazao yao kutoka maji safi ya pwani nyingine, watu hununua tiketi za bei kubwa, na usiku huo hulaji chaza kwa maelfu huku muziki ukipigwa. Kuna kinaya ndani yake. Chaza wa wanafunzi hawaliwi. Mvua kubwa ikinyesha New York, mifereji ya mji huzidiwa na maji machafu humwagika bandarini, na chaza huyachuja yote, yawe mema au maovu. Basi hukusanywa fedha kwa kula chaza wa wengine, ili wapandwe chaza wasioweza kuliwa na yeyote.

Mtu angeweza kuiona karamu hiyo kama mfano mwingine wa walioshiba kutupa makombo kwa wenye njaa, akatosheka na hukumu hiyo. Kiswahili kimeyaweka karibu maneno haya mawili, makombo na makombe. Lakini mwanafunzi wa skuli hii huijua tofauti yake kwa mikono. Makombo yakitupwa huoza. Makombe yakitunzwa mwaka mzima, yakaoshwa na kurudishwa majini, huwa nyumba. Kilichobaki mezani kwa tajiri hakimfanyi mtoto huyu kuwa ombaomba, maadamu yeye ndiye anayejua cha kukifanyia.

Hata hivyo isifichwe kwamba kuomba kuna adabu yake ngumu. Mfadhili hupenda picha. Kijana anayetabasamu ndani ya jaketi la kuokolea huvuta mkono wa mtoaji kuliko injini iliyofunguliwa ikingoja kipuri, na ilhali injini ndiyo yenye haja. Tena fedha za hisani huja kama pepo: kuna msimu wa kusi na msimu wa kaskazi, na kuna wakati wa maji maenge ambapo hakuna kinachotikisika. Skuli inayotegemea pepo hizo pekee haiwezi kumwahidi mtoto wa kidato cha kwanza kwamba boti anayoiona leo itakuwepo atakapofika cha nne. Haki ya mtoto haifai kungoja mtu afurahi karamuni. Siku mji utakapoandika mafuta ya boti katika bajeti kama unavyoandika chaki, ndipo utakapokuwa umekubali kweli kwamba bandari ni ya watoto wake wote.

Hadi siku hiyo kazi inaendelea. Mwanafunzi aliyeingia skulini mwaka 2014 alihitimu mwaka 2018, na bilioni iliyoahidiwa ilikuwa bado iko mbali. Kizimba alichokichomelea kiko chini ya maji, hakionekani kutoka kwenye feri. Waliomo ndani yake hataweza kuwala, na pengine hata wanawe hawataweza. Mtu mzima hupata taabu kufanya kazi ya namna hiyo, na watoto hawa huifanya kati ya kipindi cha hisabati na cha fasihi.

Jioni hurudi gatini kwa njia ile ile. Kisiwani nyuma yao hubaki lundo la makombe, meupe kwa jua na mvua, yakisubiri mwaka wake utimie. Feri hufungua kamba, na wale waliokuwa wakishika ukingo kwa mikono miwili siku ya kwanza husimama mbele wakiutazama mkondo, wakibishana kama maji yanajaa au yanapwa.