Pauni Haifuti Tusi

Ndugu zangu wa Mombasa wakinipigia simu huuliza mshahara kwanza, uchovu baadaye. Hakuna anayeuliza kama naipenda kazi. Kwao, hilo ni swali la mtu aliyeshiba.

Basi niwajibu hapa. Natunza wazee kaskazini mwa Uingereza. "Usiniguse kwa mikono hiyo," bibi mmoja huniambia nikimvisha soksi. Bibi huyo kumbukumbu zimemtoka. Hata mwanawe wa kumzaa hamjui. Neno lake huniuma, lakini kufika saa ya chai limeshapoa. Lisilopoa ni kicheko cha mwenzangu aliyesimama kando na taulo, na msimamizi anayesema, "Ulikuwa mzaha tu," kisha asiandike chochote kwenye daftari la matukio. Hapo ndipo utamu wa kazi unapokwisha. Unakikwepa chumba cha mapumziko, unakula ndani ya gari, unahesabu saa. Wazee uliokuwa ukiwaimbia, sasa unawaogesha kimyakimya.

Sheria ipo. Sheria ya Usawa ya 2010 haitazami nia peke yake, hutazama pia namna kitendo kilivyokuvunjia heshima. Kusema "nilitania" hakumtoshi mtu kujitetea. Ila wengi wetu tuko hapa kwa viza inayodhaminiwa na mwajiri. Ukiacha kazi, kwa kawaida hupewa siku 60 upate mdhamini mwingine au ufunge mizigo. Nani atamshtaki bosi huku karo za wadogo zake zinamngoja?

Kwetu nako si peponi. Ofisini Mombasa, jina la ukoo lilitosha kumwambia karani akupokee vipi. Mwaka 2008 Kenya ilitunga sheria kwamba kabila moja lisizidi theluthi ya wafanyakazi wa taasisi ya umma, na bado watu hupimana kwa majina. Lakini kule ningeacha kazi asubuhi na jioni nikalala kwangu, bila kuulizwa kibali cha kukaa nchini.

Mama mdogo husema mvumilivu hula mbivu. Nakubali, mama, ila uvumilivu wangu ndio unaompa msimamizi sababu ya kutoandika. Mkinipigia tena, niulizeni tukio lilikuwa tarehe gani, nani alishuhudia, na kama nimejiunga na chama cha wafanyakazi. Pesa nitatuma vilevile.