Kuchunga Mwanga

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Nami, mwanafunzi wa uzamili wa fasihi ya Kiswahili, nilitarajia kutunzwa kwetu. Mambo yalikwenda mrama likizo ya Desemba, mdogo wangu anayesomea fizikia alipotangaza kuwa angependa kubobea katika utengenezaji wa chipu za mwanga za tarakilishi za kwanta. Mama, aliyeuza ng'ombe wawili kumlipia karo, alinigeukia: "Wewe ndiwe mwenye Kiswahili. Hebu nieleze mwenzako anasomea nini." Nilinyamaza.

Kwa juma zima nilikaa na ndugu yangu, yeye akieleza, mimi nikiandika. Kazi huanzia kwenye bamba la silikoni la mviringo, lenye kipenyo cha milimita 300. Juu yake huundwa vijia vyembamba mno kuliko unywele. Mwanga husafiri humo bila kuchepuka kwa kuwa kiini cha kijia huupinda zaidi kuliko kioo kinachokizunguka. Vibebaji vya habari ni fotoni, yaani chembe za mwanga, moja moja. Fotoni moja huweza kuwa katika vijia viwili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ilipo siri ya kwanta. Mwaka 2001, Knill, Laflamme na Milburn walionyesha kuwa tarakilishi ya aina hii yaweza kuundwa kwa vyanzo vya fotoni, vigawa-mwanga na vitambuzi. Mwaka 2025, kampuni ya PsiQuantum ilitangaza chipu iitwayo Omega, inayotengenezwa katika kiwanda cha GlobalFoundries, jimbo la New York. Vitambuzi vyake hupozwa hadi nyuzi zipatazo 270 za Selsiasi chini ya sufuri.

"Na ukuta wa kijia ukiparuzika kidogo tu?" nilimwuliza.

"Fotoni hutoroka, na habari iliyobebwa hupotea nayo."

Hapo nilimwelewa. Mshororo ukipungukiwa na silabi moja, mizani imevunjika.

Nilimsomea mama kurasa zangu mbili. Nilipofika penye "taa ndogo", ndugu yangu alinikatiza: taa hutoa mwanga, fotoni ni mwanga wenyewe. Nilifuta. Mama alisikiliza hadi tamati, kisha akasema, "Kumbe ni kuchunga mwanga usitoroke njiani."

Neno nililolisaka juma zima lilikuwa zizini.

Wenzangu katika taaluma, aghalabu sisi huulaumu uhaba wa istilahi. Ama kwa hakika, siku ile sikunyamazishwa na uhaba huo. Nilinyamaza kwa kuwa jambo lenyewe sikulijua, wala sikuwahi kumwuliza ndugu yangu. Fotoni tumeikopa, na si aibu; kuchunga tulikuwa nako tangu jadi. Tuketi basi na wanasayansi wetu kabla ya kufungua kamusi. Ng'ombe wale wawili hawatarudi, lakini aliyewauza sasa anajua walikokwenda.