Aende Siku Akishika Mkataba

Hartford, Connecticut

Dada yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Unasema mpwa wangu, ambaye kwa urefu amekwishawapita walimu wake wote, anataka kuacha kidato cha tatu hapo Kibiti. Kuna mtu wa Dar es Salaam amemwambia vijana warefu wanatafutwa Marekani kucheza mpira wa kikapu. Ulipomkataza, alikujibu kwamba hata Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyefika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, aliacha chuo. Mimi ndiye mjomba wake, tena naishi katika jimbo lile lile alilochezea Hasheem, kwa hiyo jambo hili nisingependa kulijibu kwa simu ya dakika mbili. Msomee barua hii yote.

Huku Connecticut hakuna timu ya NBA. Mapenzi ya watu yote yako kwa timu za chuo kikuu cha jimbo, kilichoko Storrs, mji mdogo wenye mashamba pande zote. Timu ya wanaume imetwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 6, mara mbili za mwisho ni 2023 na 2024. Kila msimu ukiisha, mwezi wa Aprili, habari vinyozini na kwenye mabasi ni moja tu: nani anabaki na nani anaondoka. Baada ya ubingwa wa 2024, Stephon Castle aliondoka akiwa amesoma mwaka mmoja, San Antonio Spurs wakamchukua akiwa wa 4. Donovan Clingan, mtoto wa Bristol hapa jirani, aliondoka baada ya miaka miwili akachukuliwa wa 7. Watu waliwaaga kwa makofi. Hakuna aliyewaita watoro.

Zamani hawangeruhusiwa. NBA haikumpokea kijana mpaka ipite miaka 4 tangu amalize sekondari. Spencer Haywood, aliyekulia kwenye mashamba ya pamba ya Mississippi, alilipinga sharti hilo mahakamani, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkubalia. Mtoto wa maskini mwenye kipaji hakupaswa kufungiwa riziki yake kwa sababu ya kalenda ya shule, na mimi naona alikuwa na haki. Tangu 2006 sharti ni kwamba kijana wa huku atimize miaka 19 katika mwaka wa kuchaguliwa, na uwe umepita mwaka mmoja tangu darasa lake limalize sekondari.

Sasa tuje kwa Hasheem, maana mpwa wangu ameshika nusu ya habari yake. Ni kweli aliondoka Storrs mwaka 2009 baada ya miaka mitatu, ukiwa umebaki mmoja. Lakini mwulize alifikaje huko. Alisoma Makongo Sekondari, Dar es Salaam. Mpira wa kikapu alianza kuujua akiwa kijana wa sekondari. Kutoka hapo akaenda kumalizia sekondari Houston, kisha Connecticut. Kila mlango aliopita ulikuwa mlango wa shule. Katika msimu wake wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13.6 na mipira ya kudaka 10.8 kwa mchezo, na kwa mita zake 2.21 alikuwa miongoni mwa wazuiaji hodari wa mitupo katika vyuo vya mwaka ule. Timu yake ilifika nusu fainali ya taifa mjini Detroit. Tarehe 25 Juni 2009, jijini New York, Memphis Grizzlies walimtaja wa 2. Aliyetajwa nyuma yake tu ni James Harden, na Stephen Curry alikuwa wa 7.

Wewe unajua yaliyofuata. Kabla msimu wa kwanza haujaisha, Memphis walimpeleka timu ya ligi ya chini, Dakota Wizards. Baadaye akapita Houston, Portland na Oklahoma City, na kufikia 2014 safari yake ya NBA ilikuwa imekwisha: michezo 224, wastani wa pointi 2.2. Kuna wanaosema aliondoka chuoni mapema mno. Mimi sitamlaumu. Anayechaguliwa raundi ya kwanza hupewa mkataba ambao mshahara wa miaka miwili ya mwanzo ni wa uhakika, hata akivunjika mguu, hata akikaa benchi msimu mzima. Angebaki Storrs akaumia goti, uhakika huo ungeweza kumponyoka. Aliondoka na kitu mkononi, na kitu hicho kilimlinda mpira ulipomwia mgumu.

Hapo ndipo penye jibu langu. Wanaochaguliwa hawazidi 60 kwa mwaka kutoka dunia nzima, na wa raundi ya pili hawana uhakika wa mshahara. Wenye busara huku huuliza kwanza atakayebeba hasara mambo yakiharibika. Siku hizi hata kubaki chuoni kuna malipo: tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kuuza jina na sura zao kwa matangazo, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Kwa hiyo wengi ambao zamani wangekimbilia NBA sasa wanabaki. Ila mgeni mwenye viza ya mwanafunzi bado anabanwa na masharti ya uhamiaji, na hilo mtu wa Dar es Salaam hakulitaja.

Tena watazame wasichana. Ligi ya wanawake humtaka Mmarekani atimize miaka 22 katika mwaka wa kuchaguliwa, au awe anahitimu. Paige Bueckers wa hapa Storrs alichaguliwa wa kwanza mwaka 2025 akiwa na shahada yake tayari. Dikembe Mutombo wa Kongo naye alikuja Georgetown akitaka kuwa daktari, akamaliza shahada, akachaguliwa wa 4 mwaka 1991. Baadaye aliijengea Kinshasa hospitali yenye jina la mama yake.

Dada, wewe na mimi tumekulia katika delta ya Rufiji. Tumeona darasa linavyopungua msimu wa mpunga, watoto wakihamia dunguni na wazazi wao kuwinga ndege na kufukuza nguruwe. Tumeona wenzetu walioshika nyavu za kamba, waliokwenda kukata boriti mikokoni, na siku hizi wanaoegesha bodaboda barabarani Kibiti. Hao nao waliacha shule mapema wakafuate kazi ya kulipwa, na walifanya kazi kwelikweli. Hakuna aliyewaandikia mkataba. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, hakuna tajiri aliyewalipa msimu uliopotea. Mpwa wangu akiacha kidato cha tatu leo, atakuwa kama wao, siyo kama Hasheem.

Mlango wa kurudi upo. Novemba 2021 serikali yetu iliruhusu waliokatisha masomo warudi, pamoja na wasichana waliopata ujauzito. Shaquille O'Neal aliondoka chuoni 1992, akamaliza shahada mwaka 2000 akiwa bingwa wa NBA. Lakini O'Neal alirudi akiwa tajiri. Anayerudi mikono mitupu, huku njaa ikimngoja nyumbani, hurudi kwa shida kubwa.

Basi fanyeni hivi. Amalize kidato cha nne, kwa sababu NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya huku, hukagua matokeo ya sekondari ya kila mchezaji, na mgeni hasamehewi. Acheze UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, aonekane. Yule mtu wa Dar es Salaam asipewe hata shilingi, maana chuo kinachotaka kumfadhili mchezaji hakimwambii mama yake auze mikorosho. Masomo ya ziada ya hesabu na Kiingereza nitayalipia mimi. Na siku atakapopata nafasi ya kweli, yenye karatasi na sahihi, hata kama itamkuta katikati ya chuo, mimi mjomba wake nitakuwa wa kwanza kumwambia aende.

Wasalimie wote Nyamisati na Mbwera.

Mdogo wako