Jina Lililokatwa

Swahili Fashion Week, maonyesho ya mavazi yaliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2008 na mbunifu Mustafa Hassanali, si pahala pa mshairi wa Unguja kwenda kutafutia beti. Nilikwenda kwa kuwa kalamu ilikuwa imenigomea miezi mingi, na jamaa yangu mshonaji alikuwa na nafasi ya ziada.

Kilichonishitua ni gauni moja la kanga. Kanga, kama ajuavyo kila aliyelelewa na bibi, ina pindo, mji na jina. Na bibi yangu hakununua doti kabla ya kulisoma jina. Mbunifu alikuwa amelipitishia mkasi. Maneno mengine yalikaa kifuani, mengine yakapotelea katika mshono wa ubavuni. Bibi angeguna. Niliguna mimi kwa niaba yake, na gauni lenyewe sikulipenda hata kidogo.

Lakini binti aliyelivaa alipogeuka, nilijikuta nikilitimiza jina lile kimoyomoyo, neno kwa neno, kwa hamu ambayo kanga nzima haijapata kunitia. Mshororo wa mizani 16 nao una pahala pake pa kukatika, nane za ukwapi na nane za utao, na hapo katikati ndipo sikio la msikilizaji huanza kufanya kazi.

Asubuhi yake, botini, niliandika ukwapi mmoja, utao nikauacha wazi hadi tulipotia nanga Malindi. Beti tatu zimekwisha. Ya nne ingali nusu.